Mvua ya Maji ya Kusuuzia

Uani kwa Mama Kamba mtu mrefu hakuweza kupita bila kuinama. Kamba zilikwenda huku na huku, kutoka ukuta wa choo hadi nguzo ya lango, kutoka nguzo ya lango hadi msumari uliopigiliwa juu ya dirisha la chumbani, na siku za kazi nyingi hata mlango wa jikoni ulizibwa na mashuka ya nyumba ya wageni. Ndiko alikolipata jina hilo. Aliyeingia mara ya kwanza alikumbatiwa na shuka bichi usoni, akabaki anajifuta, na mwenye nyumba akacheka kana kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo maishani. "Karibu," alikuwa akisema, "umeshanawishwa."

Alikuwa dobi, mtoto wa dobi. Alianza kufua akiwa bado anasimama juu ya tofali ili alifikie beseni. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, na havikunyooka hata siku za mapumziko. Sabuni ilikuwa imemwingia mwilini. Nyumba nzima ilinukia sabuni, mito, mapazia, hata mkate uliokaa kabatini, na yeye peke yake ndiye hakujua. Pua yake iliacha kuisikia harufu hiyo zamani. Ukimwambia, alikutazama kama unamtania.

Mumewe mtaani walimwita Mzee Anga. Alifanya kazi kituo cha hali ya hewa, karibu na uwanja wa ndege, na kazi yenyewe ilikuwa hii: kila saa alitoka nje, akainua uso, akaigawa mbingu kwa macho vipande vinane, akasema vingapi vimezibwa, mawingu ni ya namna gani na yako juu kiasi gani. Basi. Watu wana midomo. Walimcheka kwamba analipwa kwa kushangaa. Lakini hao hao waliomcheka ndio waliobisha hodi kwake kila palipokuwa na harusi, kuuliza kama wakodishe turubai au wasikodishe, tena wakimwita "mzee wetu" kwa sauti ya asali.

Walikutana kwa ugomvi. Yeye alikuwa msichana, anaanika nguo kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo, na kijana mmoja aliyevaa shati la mikono mifupi akamwambia kutoka ng'ambo ya uzio, "Dada, usianike. Baada ya saa mbili tatu hivi itanyesha." Jua lilikuwa linawaka. Akamjibu ashughulike na yanayomhusu. Nguo zililowa zote, hata soksi. Kesho yake alirudi, uso mkavu, akasimama pale pale kwenye uzio na kuuliza, kana kwamba anauliza njia, "Na leo?"

Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kisa hiki vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Alisema ameolewa kwa sababu ya soksi.

Mume alimfundisha mawingu, naye alifundishika, ila kwa masharti yake mwenyewe. Asubuhi moja ya baridi alikuwa anapiga pasi shuka lenye unyevu, mvuke ukapanda, kioo cha dirisha kikaingia ukungu, kisha matone yakaanza kuteremka. Mume akamshika bega.

"Umeona? Hilo ni wingu. Umelitengeneza mwenyewe."

"Mimi nimetengeneza uchafu wa kufuta."

"Sikiliza kwanza. Maji ya nguo zako hayapotei. Jua linayatoa kwenye kamba, yanakuwa mvuke, huuoni. Hewa yenye joto inapanda nao. Kadiri inavyopanda inapoa, na ikipoa haiwezi tena kuubeba mvuke wote. Basi ule unaozidi unashika vumbi, vumbi dogo dogo la huko juu, unakuwa matone membamba hata hayana uzito wa kuanguka. Yakiwa mengi ndiyo hilo unaloliita wingu."

"Kwa hiyo lile pale ni mashuka yangu ya juzi?"

"Mengine ni ya madobi wengine," alisema mume, naye akasema kweli tupu.

Tangu hapo alikuwa akiwaonyesha watu mawingu yake. Alijua kwa nini yale ya marundo, yanayochipuka adhuhuri kama pamba iliyotoka kwenye mto, huwa yamenyooka chini kama yamekatwa kwa kisu: hapo ndipo mvuke unapofika kwenye ubaridi wa kutosha na kuanza kuonekana. Alijua kwamba rundo likianza kurefuka kuliko upana wake, na kichwa chake kikitandazika, nguo zianuliwe bila kuuliza. Alijua pia mvua ya namna ya pili, ile isiyokuja mbio. Hiyo huanza na nyuzi nyeupe juu kabisa, za barafu, kama nywele zilizochanwa. Siku inayofuata hutanda utando mwembamba, na jua huvaa pete. Kisha kijivu, jua linaonekana kama taa nyuma ya kioo cha bafuni. Kisha giza la chini, na mvua ya kutulia. Mume aliyasema haya kama mtu anayesema majina ya ndugu zake.

Walizaa, wakalea, watoto wakakua wakaenda mbali kutafuta maisha, wakawa sauti za kwenye simu. Na Mzee Anga akaanza kugonga vitu. Kwanza kiti, kisha mlango, kisha siku moja kule kazini aliripoti mbingu tupu, na upande wa kushoto, upande ambao jicho lake halikuufikia tena, palikuwa na wingu jeusi lililosimama kama nyumba. Daktari alisema ni presha ya macho. Ilikuwa imemla pole pole kutoka pembeni kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kazi ikaisha. Akaletewa kiti karibu na dirisha la chumbani, lile lenye msumari wa kamba, na hapo akakaa.

Mke hakulia mbele yake. Alilia kwenye beseni, ambako maji hayana mwenyewe. Kisha akapiga moyo konde, na asubuhi iliyofuata, akiwa na kapu la nguo mbichi kiunoni, akasimama nje ya dirisha na kusema, "Baba watoto, niambie, nianike nisianike? Mimi sielewi haya mawingu ya leo."

Alielewa sana. Mtu aliyeishi na Mzee Anga miaka yote ile angeweza kusoma mbingu hata akiwa na homa. Lakini mume alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo.

"Yakoje?"

Hiyo ndiyo ikawa kazi yao mpya. Kila asubuhi, "Yakoje?" Mke akaeleza, mume akamhoji. Chini yake pamenyooka au pamechakaa? Kivuli chako kinaonekana ukutani? Moshi wa jikoni kwa jirani unaelekea wapi? Kisha akatoa hukumu kama hakimu: "Anika mashuka, mablanketi yaache." Mke macho, mume akili, na kati yao akapatikana mtu mzima mmoja wa hali ya hewa. Mzee alikosea mara moja moja, kama binadamu yeyote, na alipokosea alijisema mwenyewe kabla hujamsema. Lakini alikuwa na kazi. Alinyoa ndevu. Alikula. Kwa mtu aliyepoteza macho hilo si dogo, na mke alilijua hilo kuliko alivyojua kufua.

Ndipo ukaja mwaka ambao mvua hazikuja.

Bomba likawa linatoa maji siku moja na kupumzika siku kadhaa. Nyumba ya wageni ikapunguza mashuka. Mama Kamba akajifunza kufulia maji kiduchu, na maji ya kusuuzia hakuyamwaga tena. Aliyaweka kwenye pipa nyuma ya nyumba, ya kupigia deki na kumwagia chooni. Maji safi yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Na juu hapakuwa na kitu. Asubuhi kweupe, adhuhuri kweupe, jioni kweupe.

"Yakoje?"

"Kweupe, baba watoto."

"Hata kipande kimoja cha nane?"

"Hata nusu yake."

Wiki zikapita hivyo. Hakimu hakuwa na kesi. Ndevu zikaota. Chakula kikawa kinarudi jikoni na kijiko kikiwa safi. Asubuhi moja mke alipofika dirishani alimkuta amegeuza kiti, anaelekea ukutani.

"Usijisumbue kuniambia," alisema mzee. "Mimi sina macho na mbingu haina mawingu. Tumekutana sawa sawa."

Mke alisimama pale na kapu lake. Maneno yale yalimkata maini. Kutwa nzima alifua bila kujua anafua nini, akatia soksi nyekundu kwenye mashuka meupe, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa anasimama juu ya tofali. Na kesho yake, hata kabla hajaulizwa, akasema, "Kuna kitu."

Kiti kikalia.

"Kitu gani?"

"Nyuzi," akasema. "Juu sana. Nyeupe."

Mbingu ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Hakuwa na nia ya kufika mbali. Alitaka kumpa mume wake kitu kidogo cha kutafuna, kipande cha wingu, basi. Lakini mzee aligeuza kiti, akauliza nyuzi zinaelekea wapi, ncha zake zimejikunja au zimenyooka, akasema kwa sauti aliyokuwa nayo zamani kule kituoni, "Zimejikunja? Hizo ni za kuangalia. Niambie kesho." Akala chakula chote. Akaomba kunyolewa. Mke alipokuwa anampitisha wembe shavuni, alikuwa anaimba chini chini kwa furaha, na mimi siwezi kumlaumu. Nani angeweza?

Ubaya ni kwamba alimdanganya mtu anayeijua kazi yake. Mwongo wa mambo mengine huweza kubuni atakavyo. Huyu kesho yake alitakiwa aendeleze. Zile nyuzi zingepotea tu hivi hivi, mzee angeuliza kwa nini. Na uso wake ulikuwa umechangamka mno. Basi mke akasema umetanda utando. "Jua lina pete?" akauliza mzee, amesogea hadi ukingoni mwa kiti. "Lina pete," akasema mke, "kubwa, nzima." Na siku iliyofuata alipoulizwa kuhusu vivuli akasema hakuna, kijivu kitupu.

"Basi kesho mvua," akasema Mzee Anga. "Mvua nzuri, ya kutulia. Kesho usianike kitu, mama watoto. Hata kitambaa."

Jirani wa Mama Kamba wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke fundi cherehani, mjane, shoga yake wa siku nyingi, mwenye ulimi kama mkasi wake. Asubuhi ya siku hiyo ya mvua, jua likiwa limekwisha kuanza kuunguza, alimwona Mama Kamba anaingia kwake na kapu la mashuka mabichi, ametoka ua wake mwenyewe kwa kunyata kama mwizi.

"Niazime kamba yako," akanong'ona.

"Kwako kumeota nini?"

Akamweleza. Fundi aliacha mdomo wazi, pini tatu zikiwa zimeng'ang'ania mdomo wa chini.

"Shoga, unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mume wako wa ndoa?"

"Niache."

"Na mvua isipokuja?"

"Itakuja."

"Itoke wapi? Kwenye sindano yangu?"

Lakini alimwazima kamba. Wote wawili walitazama juu, na juu palikuwa buluu tupu.

Mzee Anga alivaa shati safi siku hiyo. Alikaa dirishani, uso nje, mikono magotini, kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi. Bati lilikuwa linalia kwa joto. "Mbona kuna joto hivi?" aliuliza. Mke akamwambia ndilo lile la kabla ya mvua, linalokaba. Mzee akakubali, maana ni kweli lipo. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mke alikuwa akizunguka uani, akipiga ndoo hapa na pale ili aonekane ana shughuli, na kila alipotupia jicho dirishani aliuona ule uso unazidi kupungua.

"Mama watoto."

"Abee."

"Nimekosea."

"Itakuja tu, ngoja."

"Hapana. Upepo haujageuka. Harufu hakuna. Nimekosea." Akasema kwa sauti ndogo ambayo mke hajawahi kuisikia ikitoka kwa mtu huyo. "Macho yalipoondoka nilisema potelea mbali, akili ipo. Sasa na akili imeondoka."

Hapo ndipo mke alipoona alichokifanya. Alitaka kumpa na kumbe amempokonya. Dakika ile angeweza kuingia ndani, apige magoti, aseme, nimekudanganya, hapakuwa na uzi wala pete, wewe hujakosea hata kidogo. Lakini akafikiria kesho asubuhi, atakaposimama nje ya dirisha na kuulizwa yakoje, na atakachosema hakitaaminiwa tena. Mtu asiye na macho akishamwona mkewe ni mwongo, atatazama kwa nani?

Akakimbia nyuma ya nyumba. Ngazi ya fundi ilikuwa imeegemea ukuta. Maji safi yalikuwepo ndoo moja, ya kunywa, hakuigusa. Alichota kwenye pipa la maji ya kusuuzia, akapanda na ndoo mkononi na kopo limeng'atwa mdomoni, umri wake ule. Alianza na kopo, matone matone, tap, tap, kwenye bati lenye moto. Kisha zaidi. Kisha akateremka, akachota, akapanda, akamwaga kwa mapana, na bati likavuma, na maji yakateremka kwenye mikunjo yake hadi ukingoni na kudondoka mbele ya dirisha. Kutoka juu kule aliuona mkono wa mumewe unatoka nje, kiganja wazi. Maji yakajaa kiganjani. Mkono ukarudi ndani, pole pole, yasimwagike.

Alipoingia chumbani, amelowa, anahema, alimkuta mzee ameketi, kiganja amekifumba.

"Nguo umeanua?"

"Hakukuwa na nguo. Si ulinikataza?"

"Ndiyo. Kweli." Akageuza uso upande wa sauti yake. Aliuliza kwa upole, bila haraka, "Ile pete ya jua. Uliiona?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Mlango ulifunguliwa na mume mwenyewe, akaushikilia. Na mke, kwa hofu, kwa mapenzi, kwa upumbavu ambao sisi sote tunao siku zetu, akasema, "Niliiona."

Mzee akatikisa kichwa. "Sawa," akasema. "Ilikuwa mvua nzuri. Kabadilishe nguo, utapata mafua."

Fundi alikuja jioni kuchukua ngazi yake. Alisimama uani, akavuta pumzi, akakunja pua, kisha akatazama juu na kuonyesha kwa kidole.

"Shoga. Ulimwaga nini?"

Ukingoni mwa bati, mahali maji yalipodondokea, povu lilikuwa limekaukia, mstari mweupe kutoka mwanzo wa dirisha hadi mwisho wake.

"Maji," akasema Mama Kamba.

"Maji ya kusuuzia? Ua mzima unanuka sabuni. Hukusikia?"

Hakusikia. Alikaa chini pale pale, kwenye sementi, akashika tama. Alikuwa anauona mkono ule unarudi ndani pole pole, kiganja kimejaa. Alipomuuliza kuhusu pete, mzee alikuwa amekwisha kunusa. Alijua kila kitu. Hakuwa anamtega; alikuwa anamwomba.

Kesho yake asubuhi alisimama nje ya dirisha na kapu lake. Mzee alikuwa amekaa pale pale, uso nje.

Hakuuliza.

Mke akangoja. Akakohoa. Mwishowe akasema mwenyewe, "Kweupe leo." Mzee akasema, "Sawa, mama watoto," kwa upole mtupu, namna mtu anavyomjibu mtoto anayemwonyesha mchoro. Wala hakumnunia. Walikula pamoja, walizungumza habari za watoto, alimcheka fundi na maneno yake. Angenuna ingekuwa nafuu. Mara mbili mke alijaribu kuanza, "Baba watoto, siku ile ya mvua..." na mara zote mbili akakatizwa, "Ilikuwa nzuri, nimekwambia. Chai inapoa." Alikuwa anamwonea huruma. Mtu mwenye hatia akionewa huruma hana pa kushika.

Kisha homa ikamshika mzee, ikaingia kifuani. Hospitali walimpa dawa, wakamlaza siku chache, wakasema mwili umechoka, mrudisheni nyumbani apumzike. Kitanda kikasogezwa chini ya dirisha. Fundi alikuwa akija kumsaidia Mama Kamba kumgeuza.

Na mawingu yakaja. Sasa yalikuwa ya kweli. Asubuhi moja Mama Kamba aliinua uso kwa mazoea tu, na juu kabisa, zimejikunja ncha, zilikuwapo nyuzi. Aliingia ndani mbio.

"Baba watoto! Zimekuja! Nyuzi, juu kabisa, zinatoka upande wa uwanja wa ndege!"

"Sawa, mama watoto."

Siku iliyofuata jua lilivaa pete, kubwa, nzima, kama ile aliyoibuni. Alisimama uani anaitazama huku machozi yanamtoka. Akaenda akamweleza, kila kitu, rangi, upana, hata ndege waliopita katikati yake. Mzee alikuwa amefumba macho. Alimpapasa mkono. "Sawa," akasema. Vivuli vikapotea ukutani. Kijivu kikashuka. Mke hakuanika, wala hakuna aliyemkataza. Mashuka mabichi aliyarundika ndani, chumbani mle, juu ya kiti na kwenye ukingo wa kitanda, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya kifua cha mgonjwa.

Ilianza mchana, matone makubwa, moja moja. Tap. Tap. Mama Kamba alikuwa uani anaokota vibanio. Alisimama na uso juu, mdomo wazi, na kabla hajasogea akaisikia sauti ya mumewe kutoka ndani, dhaifu, yenye huruma.

"Teremka, mama watoto. Inatosha. Utaanguka."

Aliingia kama mtu aliyepigwa. Fundi alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Niko hapa! Niko chini, baba watoto, sijapanda! Ni mvua. Mvua ya kweli!"

"Shemeji, ni kweli," fundi akasema, naye analia. "Haki ya Mungu vile, inanyesha."

Mzee alitabasamu. "Na wewe, fundi? Ameshakuingiza na wewe?"

Bati lilikuwa linavuma sasa, mtaa mzima ulikuwa unavuma, lakini kifua chake mwenyewe kilikuwa kinakoroma kwa nguvu, nani ajue alikuwa anasikia nini. Chumba kilinuka mashuka mabichi. Mke akafungua dirisha kwa kishindo, akaushika mkono wa mumewe, akautoa nje hadi kwenye maji yanayodondoka ukingoni. Kiganja kikajaa. Akaurudisha ndani, ameushika chini kwa kiganja chake, yasimwagike, akausogeza puani.

"Nusa," akamwambia. "Nakuomba. Nusa."

Mzee Anga alinusa. Alikaa nao pale mkono ule, mikono miwili, wake na wa mkewe uliofua tangu utotoni.

"Nzuri," akasema. "Asante, mama watoto. Umehangaika sana."

Mvua ilinyesha mchana ule wote na jioni, na kesho yake ilikuwa bado inanyesha walipokuja watu kumwosha. Mashuka hayakuwa yamekauka. Lile walilomfunika lilikuwa na unyevu.

Mama Kamba anafua bado. Mbingu haitazami, akianika anaanika, zikilowa zinalowa, na nyumba ya wageni wamekwisha kumlalamikia. Lakini siku nyingine huacha kazi katikati, akanawa mikono kwa maji matupu, akanawa tena kwa ndimu, akaenda kwa fundi na kuweka kiganja mbele ya uso wake, juu ya cherehani.

"Nusa, shoga. Inanuka sabuni?"

Fundi hunusa. Humtazama yale macho, kisha husema, "Hapana. Hainuki kitu."

Naye hukaa pale kidogo, anamtazama fundi usoni, anatafuta kama ni kweli.